Kufanana si lazima kuwe kuiba

Umeuliza kama Suzanne Collins, mwandishi wa riwaya ya The Hunger Games, alinakili Battle Royale, riwaya ya Mjapani Koushun Takami. Kweli, zote mbili zinawafungia vijana mahali wauane kwa amri ya serikali, na ya Mjapani ilitangulia: 1999, ya Collins 2008. Ila Collins alisema hakuwa ameisikia hadi alipokwisha kukabidhi mswada wake. Chanzo alichotaja ni kisa cha Wagiriki cha Theseus, vijana wakipelekwa kuliwa na Minotaur, zimwi nusu mtu nusu fahali. Mimi namwamini. Kwa Takami mauaji hayarushwi hewani, kwa Collins televisheni ndiyo roho ya hadithi: Katniss, mhusika wake mkuu, anaigiza mapenzi ili wadhamini wamtumie msaada.