Friji inakata usiku, betri bado ina moto

Kaka, kama friji yako ya gari ya lita 40 inakata usiku kule Ruaha, halafu asubuhi Land Cruiser inapiga selfu bila shida, mimi siilaumu betri. Naanza na waya. Tundu la kuwashia sigara, pale unapochomeka friji, huwa na nyaya nyembamba. Kompresa ikivuta ampea 4 au 5, volti zinapotelea njiani, friji inadhani betri imekwisha, inajizima. Vuta waya wake wenyewe kutoka kwenye betri hadi nyuma, milimita 6 za mraba au zaidi, fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Kisha pima volti kwenye plagi ya friji huku kompresa inazunguka, utaona tofauti.

Kinga ya betri, yaani kiwango cha volti ambacho friji hujizima, usiishushe maadamu una betri moja tu. Ukikaa kambini siku mbili bila kuwasha injini, hapo tafuta betri ya pili ya ampea-saa 100 na kitenganishi, kile kifaa kinachozuia friji isinyonye betri ya kuwashia injini. Paneli ya sola ya wati 100 itaisaidia mchana.

Ipoze friji nyumbani, na vinywaji vyake humo humo, kabla ya safari. Na magodoro yasizibe matundu yake ya hewa, tafadhali.