Nyoka wawili juu ya mlango wa benki si alama ya hospitali

Ndugu, umeuliza kwa nini ile benki ya zamani ya mtaani kwenu Jinja ina nyoka wawili na kitu kama chungu kilichopinduliwa juu ya mlango, na kama mafundi wako sawa kutaka kuyapiga sementi mapambo hayo.

Nyoka wawili kwenye fimbo yenye mabawa ni fimbo ya Mercury, mungu wa biashara wa Warumi. Ile ya tiba ina nyoka mmoja tu, haina mabawa. Hicho "chungu" kwa maoni yangu ni mzinga wa nyuki, wa aina ya Ulaya, si wa gogo kama yetu. Nyuki huweka akiba kidogo kidogo, ndiyo maana benki nyingi ziliuchonga mlangoni: hata asiyejua kusoma aelewe kazi ya nyumba hiyo. Marekani, mbunifu wa majengo Louis Sullivan aliipamba benki ndogo ya Owatonna, Minnesota, kwa majani ya udongo wa kuchoma. Ilikamilika 1908 na watu bado wanasafiri kwenda kuitazama.

Sasa sementi. Tafadhali wazuieni! Kama lipu ya zamani ni ya chokaa, sementi itafungia unyevu ndani, na mapambo yatabanduka vipande vipande. Rangi ya mafuta nayo hivyo hivyo. Tumieni maji na brashi laini, nyufa zizibwe kwa chokaa na mchanga. Na pigeni picha kila pembe kabla fundi hajapanda ngazi.