Kituo cha msimu Antaktika: kifaa chako kitabaki peke yake miezi minane

Tangu nirudi, watu wangu wananiuliza swali lile lile, baridi ikoje kule. Jamani baridi siyo ya kukutisha hivyo. Nilikuwa Juan Carlos I, kituo cha Hispania kwenye kisiwa cha Livingston, na kwa majira ya joto ya kule, Desemba mpaka Machi hivi, hali ya hewa inazunguka kwenye nyuzi sifuri, kuna siku inanyesha mvua kabisa. Ukivaa vizuri unapiga kazi. Kinachokukosesha usingizi ni kingine, na ndo nataka niwaambie vijana mnaoomba hizi nafasi za ufundi na za masomo.

Hispania ina vituo viwili kule. Juan Carlos I kilifunguliwa Januari 1988, na kingine, Gabriel de Castilla, kiko kisiwa cha Deception, ambacho ni volkano hai, na kinaendeshwa na jeshi la nchi kavu. Vyote ni vya msimu. Yaani muda ukiisha mnatoa maji kwenye mabomba yasije yakaganda yakayapasua, mnafunga milango, mnapanda boti za mpira mpaka melini, na habaki mtu hata mmoja. Chochote ulichoacha barafuni kinajitegemea, betri ikifa Aprili basi imekufa mpaka urudi.

Msimu wangu wa kwanza niliacha boksi la kurekodia kwenye mto wa barafu wa Johnsons. Zilibaki siku tatu meli ifike, upepo ukatufungia ndani siku mbili, ya tatu nikapanda mbio mbio, vidole vimeshakufa ganzi, na pale kebo inapoingilia kwenye boksi kuna mpira wa kuzibia ambao unatakiwa uukaze kwa spana mpaka ugome, mi nikaukaza kwa mkono nikaona inatosha. Mwaka uliofuata nafungua kifuniko, nakuta barafu nyembamba kama kioo imelala juu ya saketi, na kwenye memori kadi data zimeishia mwanzoni mwa Juni. Nilichuchumaa pale kwenye theluji nikakosa la kusema. Miezi ile haina marudio.

Kilichotuokoa kidogo ni kigingi. Kwenye Johnsons na jirani yake Hurd watu wanachomeka vigingi na kupima kimebaki urefu gani juu ya theluji, mwanzo wa msimu na mwisho wake, ndo wanajua barafu imepata au imepoteza kiasi gani. Kigingi hakina betri wala kebo. Kwa hiyo hata uwe na mashine ya bei gani, chomeka kigingi pembeni yake.

Kuhusu umeme, wengi wanadhani kule Juni ni giza totoro. Livingston iko nyuzi 62 kusini, jua linachomoza ila kwa masaa machache na linapita chini sana, halafu paneli inafunikwa na theluji. Isimamishe wima theluji isikalie, na hesabu betri zako kama vile paneli haipo kabisa. Kabla hujasafiri, weka boksi lako kwenye friza wiki nzima likiwa linafanya kazi, na jizoeze kulifungua na kulifunga ukiwa umevaa glavu nene. Na kama mpango wako unasema siku 30 za kazi, panga zile za lazima ziishe ndani ya 15, maana meli inaweza kubadilishiwa ratiba na bahari ya Drake, ile mnayovuka kutoka Amerika Kusini, ikichafuka hakuna wa kubishana nayo.

Lingine ambalo naomba mlichukulie kwa uzito wote ni usafi wa nguo na viatu, usije ukapeleka mbegu ngeni kule. Kabla ya kushuka tulikaa melini na kibano tukichokonoa velkro za majaketi, na kwenye velkro ya mkono wa jaketi langu nikatoa kambegu ka jani, kembamba kama uzi. Cierva Point, kule kwenye Rasi ya Antaktika, jani la kawaida la malisho linaitwa Poa pratensis liliingia na udongo wa miche ya majaribio miaka ya 1954-55, likakaa miaka 60, likaja kung'olewa Januari 2015. Sasa fikiria Deception ambako kuna sehemu ardhi ina joto la volkano, mbegu ikidondoka pale inapata kitanda.

Siku hizi boksi nalifunga wiki mbili kabla ya meli. Nikishakaza kwa spana namwita mwenzangu naye akaze, tunapiga picha ya kila tundu la kebo, na kwenye daftari la kituo tunaandika tarehe na nani kakaza, kwa sababu atakayelifungua msimu ujao huenda asiwe mimi.