Muulize Ami: Wageni tele, hazina tupu?

SWALI: Ami, asalaam aleikum. Mimi nina mashua Shela, hapa Lamu, napeleka wageni Manda na Matondoni. Juzi barazani mwenzangu kashika kwamba Shelisheli nchi nzima ilifilisika na hoteli zimejaa watalii. Nikamwambia haiwezekani. Nani mkweli? – Mwenye Mashua, Shela

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Mnunulie mwenzako kahawa, kakushinda. (Wasomaji wa bara: kwetu shelisheli ni tunda, hupikwa kwa tui. Leo tunasema nchi.)

Nilikuwa mpishi wa meli ya mizigo, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 tukitia nanga Victoria, mji mkuu wa Shelisheli. Ufuoni wazungu wamejilaza, dukani nimetafuta vitunguu na mafuta ya kupikia nimekosa. Mwenye duka kaninong'oneza: "Una dola?" Benki ikilipa rupia (pesa zao) tano na ushei kwa dola moja, yeye alikuwa radhi kunipa karibu maradufu. Ugonjwa ndio huo. Serikali iliing'ang'ania bei ya rupia isiyo ya kweli, kwa hivyo kila aliyepata dola akaificha, na benki zikakauka. Na Washelisheli huagiza karibu kila kitu kutoka nje, mchele, dizeli, hata nyama anayokula mgeni hotelini. Dola yaingia na ndege asubuhi, jioni ishapanda meli. Pengo wakaliziba kwa mikopo.

Oktoba 2008 mkopo mmoja wa hatifungani (hati za deni ambazo serikali huwauzia wawekezaji), dola milioni 230, ukawashinda kulipa. Watu wenyewe hawakufika laki moja! Wakakimbilia IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, na Novemba wakaiachia rupia bei yake ipangwe na soko: kutoka kama 8 kwa dola ikaporomoka hadi 16 hivi. Hebu fikiri mshahara ni ule ule. Mwaka 2009 wadai wa Klabu ya Paris, kundi la serikali zinazokopesha nchi nyingine, wakakubali kuwasamehe asilimia 45 ya deni walilowadai. Dawa ilikuwa chungu, lakini dola zikarudi benki. Mimi nasema wangeinywa mapema.

Ikaja korona 2020, ndege zikasimama, rupia ikaanguka tena. Kilichowashika mkono ni samaki: kiwanda cha jodari pale Victoria, mojawapo ya vikubwa duniani, kiliendelea kusafirisha makopo.

Wewe mwaka ule mashua uliifunika makuti, sivyo? Nami nyumba yangu ya wageni hapa Langoni ilikaa miezi bila hata kiatu mlangoni. Tulikula kwa mwanangu wa pili, mvuvi, niliyekuwa nikimkemea kila siku aje anisaidie kutandika vitanda.