Re: Kupima ubongo kwa mwenye VVU

Mkuu, umeuliza kama kaka yako wa Igombe, anayetumia ARV na siku hizi anasahau hesabu za dagaa, lazima aanze na picha ya kichwa hospitali ya Bugando. Hapana. Aanzie CTC yake (kliniki anakochukulia ARV), awaeleze hilo la kusahau.

Kuna kipimo kifupi kilichojaribiwa Uganda na Marekani. Anatajiwa maneno manne (mbwa, kofia, maharage, nyekundu), anagonganisha kidole gumba na cha shahada harakaharaka kwa sekunde 5, kisha anaugeuza mkono kwa zamu (ngumi, kiganja, ubavu wa mkono) kwa sekunde 10, halafu anaulizwa yale maneno. Jumla ni alama 12. Akipata 10 kushuka, achunguzwe zaidi. Ila msihukumu mapema: sonona, pombe, hata kukesha ziwani na karabai vinaweza kushusha alama. Dawa asiache.