Daftari la shukrani lisilokugusa

Dada, umeuliza kwa nini kila usiku unaandika "uhai, familia, chakula" na huoni tofauti yoyote. Kwa maoni yangu maneno hayo ni mapana mno. Shuka hadi kwenye tukio la leo hii. Badala ya "familia", andika kwamba mdogo wako alikuchotea maji kabla hujaamka. Badala ya "chakula", kwamba mama ntilie alikuongezea maharage bila kumwomba. Kisha weka sentensi moja ya sababu: kwa nini imetokea? Kazi yenyewe iko hapo, maana unalazimika kumkumbuka aliyekutendea wema.

Zoezi hilo la mambo matatu mema na sababu zake lilijaribiwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Martin Seligman, na wenzake, wakachapisha matokeo mwaka 2005. Watu waliandika kila usiku kwa wiki moja tu, na furaha yao ilikuwa bado imepanda miezi sita baadaye, hasa kwa walioendelea kwa hiari yao. Kwa hiyo ukiruka siku, usijione umeshindwa.

Muda? Wowote unaokutana na jambo ulilozoea, kama kushusha chandarua.

Siku ya msiba au deni usijilazimishe kushukuru. Huko ni kujidanganya. Na kama huzuni imekaa wiki kadhaa na usingizi umepotea, daftari halitoshi. Nenda kituo cha afya, uwaambie hivyo hivyo.