Jibu: Nimeingia ofisi ya rasilimali watu, wenzangu wananichimba mishahara

Habari mkuu. Umesema una miezi miwili kwenye nafasi hiyo, na wale uliokuwa unakula nao mchana sasa wanakuchimba: nani analipwa ngapi, nani anapunguzwa. Ukikwepa, unaambiwa unaringa.

Anza na meza yako kabla ya mdomo. Mimi niliumbuka kwa karatasi ya mishahara niliyoisahau kwenye printa. Dakika kumi tu, hadi mlinzi wa getini alikuwa na habari. Tangu siku hiyo sichapishi kitu bila kusimama pale pale, na faili halilali mezani.

Wakikuuliza ya mwenzao: "Hilo siliongelei, ila la kwako njoo tuangalie." Halafu kweli umwangalizie. Likizo ya mwaka ni siku 28, ipo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ya Tanzania Bara; isome, usikisie. Aliyeachishwa akikuuliza, mwambie ana siku 30 za kupeleka shauri CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi), hata bosi akinuna.

Chakula endelea kula nao, ukijitenga ndipo umbea unanoga. Haya ni ya sekta binafsi; serikalini wana taratibu zao.